Uliza Labo: Kwenye glasi yako kuko nini kweli?

Mwezi huu barua nne zimenigusa, na ya kwanza njo itakula nafasi kubwa, mnivumilie, juu naona vijana wengi wa labo huku kwetu wanaangukia palepale na hakuna mtu anakaa nao chini kuwaeleza.

Yaya, jambo. Niko mwanafunzi wa kemia hapa Bukavu, nakaa Kadutu, mwaka wa mwisho. Memwari yangu iko juu ya chembe za nano za fedha. Nilizitengeneza na majani ya moringa pamoja na nitrati ya fedha, maji ikageuka njano kisha ikakuwa kama chai, nikajua imekubali. Nikachota maji ya ziwa pale Nguba, nikaweka dafnia, vile vidudu vidogo vya maji, za bwawa la samaki, kumi kwa kila glasi, nikamwanga ile chai yangu, kisha siku mbili karibu zote zikakufa. Nikaandika kwamba nano ya fedha ni sumu kwa ziwa Kivu. Sasa direkteri amenirudishia kazi na neno moja tu juu ya karatasi: "Karakterizesheni?" Lakini mimi niliweka grafu ya spektrofotometa, ile mashine ya kupima nuru yenye maji inanyonya, kilele kiko nanomita 420! Anataka nini tena? Makuta ya kutuma sampuli inje sina. — Mwanafunzi, Kadutu

Mdogo wangu, pole na kazi, najua namna inauma kurudishiwa karatasi zenye ulikesha juu yake. Lakini direkteri hana roho mbaya, lile neno moja, maana yake kueleza chembe zako ni kitu gani hasa, lina uzito kuliko kurasa zote zenye umeandika, tulia nikueleze.

Ukipima sumu ya kawaida, tuseme sulfati ya shaba, unaipima kwa mizani, inayeyuka kwa maji, basi, mtu wa Lubumbashi na mtu wa Japani wakifanya vilevile wako na kitu kilekile. Nano haiko hivyo. Fedha (naongea ile metali, si ya mfukoni) ni fedha, lakini chembe ya nanomita 10 na ya nanomita 80 hazina tabia moja, na ile yenye ngozi ya moringa haiko sawa na yenye ngozi ya sitrati. Nanomita moja ni milimita moja ukiigawanya mara milioni, na kwa kawaida tunaita nano kitu cha kati ya 1 na 100. Sasa fikiria makala. Kipande kizima unahangaika kukiwasha, lakini ukikisaga kikawa vumbi, cheche moja tu inatosha, juu pa kukutana na hewa pameongezeka. Chukua kipande cha sentimita moja kila upande, kwa inje kina sentimita za mraba 6 tu. Kikate mpaka kiwe vipande vya nanomita moja moja, ukijumlisha zile sura zote unapata mita za mraba 6,000, karibu uwanja wa mpira mzima, na uzito haujaongezeka hata kidogo. Njo maana kusema "nilitia miligramu fulani kwa lita" haitoshi. Ile dafnia haikutani na miligramu, inakutana na sura ya chembe, na chaji yake, na kile chembe inaachilia.

Kwa hiyo direkteri anauliza: kwenye glasi yako kulikuwa nini? Si siku ya kutengeneza, si kwenye chupa. Kwenye glasi, pamoja na maji ya ziwa, saa ya kwanza, saa ya 24, saa ya 48.

Juu angalia vitu vyenye vinaweza kuwa viliua wadudu wako. Inaweza kuwa chembe zenyewe. Inaweza kuwa ioni za fedha, yaani fedha yenye imeyeyuka, na hii njo naogopa zaidi, juu moringa haimalizagi nitrati yote, kuna yenye inabaki, na dafnia inakufa na ioni za fedha hata zikiwa mikrogramu chache tu kwa lita. Inaweza kuwa ule mchuzi wa moringa peke yake, majani yana mambo mengi. Inaweza hata kuwa maji ya ziwa! Kivu haiko maji ya mvua, juu yake pH iko karibu 9, chumvi nyingi, konduktiviti (namna maji yanapitisha umeme) karibu mikrosimensi 1,200 kwa sentimita, na dafnia ya bwawa haijazoea hiyo. Kwa barua yako sikuona glasi ya maji ya ziwa matupu yasiyo na fedha. Kama uliifanya, iandike, na kama kwenye glasi hiyo zaidi ya asilimia 10 zilikwama kuogelea, majaribio yote yanaanguka, njo sheria ya mwongozo namba 202 wa OECD, lile shirika la nchi za ushirikiano wa uchumi, wenye watu wote wanafuata kwa dafnia. Ule mwongozo unataka pia wadudu wasiofikisha saa 24 tangu kuzaliwa, na wasiopungua 20 kwa kila kipimo, wakigawanywa vizuri vikundi 4 vya watano watano.

Niongeze kitu juu ya dafnia na ziwa letu, juu iko karibu na roho yangu. Mwisho wa miaka ya 1950 walileta sambaza, wale samaki wadogo, kutoka Tanganyika wakawamwaga Kivu, na dafnia kubwa yenye ilikuwa inaishi humu, Daphnia curvirostris, ikaliwa mpaka ikapotea. Kwa hiyo ukiandika "dafnia imekufa, basi ziwa Kivu liko hatarini" msomaji makini atakuuliza dafnia gani na ziwa gani. Andika kile umepima: dafnia ya bwawa, ndani ya maji ya Kivu, siku mbili. Hiyo inatosha na ni ya kweli.

Sasa chembe zenyewe, zikiingia ziwani zinafanya nini? Umeshaona mama anapika bugali, akimwaga unga wa muhogo mwingi mara moja bila kusonga, unashikana mabonge. Chembe za nano zinafanya hivyo ndani ya maji yenye kalsiamu na magneziamu. Kila chembe ina chaji kwa inje, na hiyo chaji njo inazikataza kukaribiana, tunaipima kwa kitu kinaitwa potenshali ya zeta, watu wanachukulia kwamba ikipita milivolti 30, chanya ao hasi, zinaachana vizuri. Chumvi inafunika hiyo chaji, chembe zinagongana, zinashikana, zinashuka chini. Na maji ya Kivu yana magneziamu nyingi. Kwa upande mwingine, ule uchafu wa majani yaliyooza, wenye unapaka maji rangi ya kahawia, unazivika chembe koti na kuzizuia kushikana. Maji ya mto kwenye matope na maji safi ya katikati ya ziwa hayatakupa jibu moja. Kuna mwongozo mwingine wa OECD, namba 318 wa mwaka 2017, uliwekwa kwa ajili ya jambo hili tu: unaweka nano ndani ya maji ya pH 4, 7 na 9, na kalsiamu kidogo ao nyingi, unaangalia kwa saa 6 ngapi zimebaki juu. Ziwa letu liko kwenye kona ile ya 9.

Mimi mwenyewe kuna mwaka nilifanya majaribio ya nano ya zinki kwa wiki tatu, namba zikatoka nzuri sana, kisha asistanti mmoja akaniambia chota maji ya juu ya glasi siku ya mwisho uyapime. Ile yenye ilikuwa inaogelea ilikuwa kidogo sana, nyingine ilikuwa imelala chini kama ungaunga mweupe, na mimi kwa karatasi nilikuwa nimeandika kile kipimo chenye nilimwaga siku ya kwanza. Nilianza upya zile wiki tatu zote. Kwa hiyo sikwambii mambo ya vitabu.

Na si sisi tu. Mwaka 2004 kulitoka utafiti Marekani, samaki waliwekwa ndani ya maji yenye fulerini, ile mipira ya kaboni ya atomi 60, na ubongo wao ukaonekana umeguswa, dunia ikashituka. Sasa ile mipira haipendi maji kabisa, kwa hiyo kuitawanya wengi walikuwa wanatumia kwanza dawa ya kuyeyushia inaitwa THF. Mwaka 2007 watafiti wengine wakapima vitoto vya samaki aina ya zebra, wakaweka pembeni glasi yenye ilipitia THF bila fulerini, wakaona madhara yanatoka kwa THF yenyewe ikivunjika, si kwa ile mipira. Miaka mitatu watu walikuwa wanaogopa kitu kimoja kumbe mkosefu ni mwingine. Mwaka huohuo 2007, kule Australia walilinganisha oksidi ya zinki ya nano, ileile ya unga wa kawaida, na chumvi ya zinki yenye inayeyuka kabisa, wakazipima kwa mwani, zote tatu zikawa na sumu sawa tu! Juu nano na unga zilikuwa zinayeyuka, na ile zinki iliyoyeyuka njo ilikuwa sumu. Bila kupima kiasi kilichoyeyuka wangesema nano njo hatari kwa sababu ya udogo wake.

Unasema huna makuta. Nimekusikia, tufanye na kile kiko.

Spektrofotometa yenye uko nayo ni mali, lakini wewe uliitumia mara moja tu, siku ya kutengeneza, kwenye maji safi ya labo. Itumie kama saa. Fedha ya nano inanyonya nuru yenye urefu wa wimbi karibu na nanomita 400 (huo si ukubwa wa chembe), kile kilele chako cha 420 ni ushahidi kwamba nano iko. Tia sasa chembe zako ndani ya maji ya ziwa uliyoyachuja na usome pale pale, kisha saa moja, saa 6, saa 24, saa 48. Kilele kikishuka na kukatokea bega kule 500 ao 600, zinashikana. Kikishuka bila bega, ziko zinayeyuka ao zimelala chini, basi tikisa polepole usome tena, ukiona kimerudi ujue zilikuwa zimelala. Utahitaji miligramu kadhaa kwa lita, juu kwa mikrogramu mashine yako haioni kitu, na uandike wazi kwamba kwa wingi ule zinashikana haraka kuliko kwa kipimo cha dafnia.

Kisha rudia majaribio na glasi zaidi. Ya maji matupu, ya mchuzi wa moringa peke yake, ya nitrati ya fedha yenye kiasi kilekile cha fedha. Na chembe zako uzioshe kwanza, zizungushe kwa santrifuji zishuke chini, mwaga maji ya juu, weka maji safi, tena na tena, upunguze ioni zenye zilibaki. Ukiona chembe zilizooshwa zinauwa kidogo kuliko zile za kwanza, umepata kitu kizuri cha kuandika, hata kama si kile ulitaka.

Kwa mikroskopi ya elektroni usitume chupa! Chupa ikifika Kampala ao Nairobi kisha siku kadhaa barabarani, kile kiko ndani si kile ulimpa dafnia. Omba watakupa vile vinyavu vidogo vya shaba, dondosha tone moja siku ile ile ya majaribio, acha likauke pasipo vumbi, tuma kinyavu, ni chepesi kama karatasi. Na kwa ioni, pitisha maji ya glasi kwenye filta ya kilodaltoni 3, matundu yake ni kama nanomita moja ao mbili, chembe zinabaki juu, ioni zinapita. Yale yaliyopita uyatie asidi ya nitriki kidogo yasigande kwenye ukuta wa chupa, hayo yanaweza kungoja mpaka upate labo ya kuyapima. Ongea na direkteri, mara nyingi wana marafiki kule. Vipimo vitatu vizuri ni bora kuliko thelathini vyenye haujui ndani yake kulikuwa nini.

Asistanti, Goma: Yaya, tuko na ubishi kwa labo. Dioksidi ya titani yetu, mfuko umeandikwa nanomita 21. Mikroskopi inasema karibu 25, mashine ya kutawanya nuru inasema 340. Nani mwongo?

Hakuna mwongo hapo kaka. Mikroskopi imeona chembe moja moja, zimekauka, na jicho la mtu njo lilichagua pa kupiga picha. Ile mashine ya nuru inaona kile kinacheza ndani ya maji, pamoja na maji yenye yameshikamana naye, na zikishikana kumi inaona kitu kimoja kikubwa. Tena inapendelea wakubwa vibaya sana, chembe ya nanomita 100 inatawanya nuru kama chembe milioni moja za nanomita 10, kwa hiyo vumbi kidogo tu ao bonge chache zinafunika wadogo wote. Usichague moja. Andika zote mbili, na useme zilipimwa ndani ya maji gani. Ile 25 inakueleza kitu ulinunua, ile 340 inakueleza kitu chenye kiumbe kitakutana nacho, na kwa kazi yenu mimi ningeanza na ya pili.

Kama mnatumia kile chuma cha kutikisa kwa sauti kali kutawanya mabonge, andikeni nguvu na dakika, wekeni chombo kwa barafu, na mkumbuke ncha yake kwa kawaida ni titani, inajisaga, inaongeza titani kwenye titani yenu. Muangalie na nuru pia: anataze, ile fuwele moja ya titani, inachochea kemia zaidi kwa nuru ya jua kuliko rutile, fuwele yake nyingine, kwa hiyo kupima gizani na kupima dirishani si jaribio moja.

Na msisimame saa 48 kama muda unaruhusu. Mwaka 2011 wenzetu wa Ujerumani waliacha dafnia ndani ya titani mpaka saa 96, siku mbili za kwanza karibu hakuna kitu, kisha zikaanza kufa, juu titani ilizipaka mwili mzima na zikashindwa kuvua ngozi. Ile haikuwa sumu ya ndani, ilikuwa koti.

Mama muuza sambaza, Bukavu: Mtoto wangu, nimesikia watu wanasema kuko vidudu vya nano ndani ya maji vitamaliza sambaza, wateja wananiuliza. Nijibu nini?

Mama, shikamoo na aksanti kwa kutuandikia. Nano si vidudu, haina uhai, ni vumbi dogo sana la metali ao la vitu vingine, linatumika kwa rangi, kwa mafuta ya kujikinga jua, hata kuna soksi zinawekwa fedha zisinuke, na ukizifua fedha inatoka kidogo inaenda na maji. Kule labo tunatia nyingi makusudi, mara nyingi zaidi kuliko yale mahesabu ya Ulaya yanaonyesha kwa mito yao, kule inahesabiwa kwa nanogramu kwa lita. Tena fedha ikikutana na salfa kwenye maji machafu inashikana nayo na makali yake yanapungua sana. Waambie wateja sambaza ni chakula kizuri, na hizo habari hazijawapa sababu ya kuacha kununua. Yale yenye ningependa tusaidiane mapema ni mifuko na taka zenye zinashuka na mvua mpaka ziwani, hizo unaziona kwa macho kila siku pale unapouzia.

Mwalimu wa sekondari, Goma: Nano ni ya viwanda tu? Wanafunzi wangu wameniuliza kuhusu vumbi la Nyiragongo, sikuwa na jibu.

Mwalimu, wanafunzi wako wameuliza swali lenye hata maprofesa linawatesa. Volkano inatoa chembe za nano, moshi wa makala jikoni unatoa, udongo wa mfinyanzi unazo, maji ya Kivu yalikuwa nazo kabla ya kiwanda chochote. Ile siku ya tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021 yenye mlima ulitoa moto, na kabla yake 2002, mji ulipokea chembe bila mtu kuzitengeneza.

Sasa shida ya mpimaji iko hapa: lava yetu ina titani ndani yake. Mtu akichota maji Goma akakuta titani, atajuaje imetoka kwa mlima ao imetoka kwa rangi ya nyumba na mafuta ya ngozi? Kupima titani peke yake hakumsaidii. Ile ya kiwandani imesafishwa, iko karibu peke yake, lakini ile ya jiwe inatembeaga na ndugu zake, metali ya niobi na wengine. Kwa hiyo tunapima vyote viwili na kuangalia uwiano: titani ikizidi sana kuliko ile yenye niobi ya jiwe inaweza kueleza, ile ya kuzidi njo tunashuku mkono wa mtu. Inataka ujue kwanza uwiano wa mawe ya hapohapo, usichukue wa kitabu cha Ulaya. Wapeleke watoto waokote mawe ya 2002 na ya 2021, waandike mahali na tarehe kwa kila jiwe, wayafunge vizuri. Siku mashine itapatikana, hayo mawe njo yatapimwa ya kwanza.